Upasuaji wa kila siku: maswali ya daktari anayeanza kushika kisu

Maswali haya huulizwa na madaktari walioanza mafunzo ya upasuaji, mara nyingi wakati wa kunawa mikono au mgonjwa akishatolewa mezani, pale ambapo hakuna muda wa kujibu kwa kirefu. Majibu yote yanazunguka jambo moja: kila upasuaji una mahali pake pa hatari, na mahali hapo hujulikana kabla kisu hakijagusa ngozi. Anayepajua hupunguza mwendo akipakaribia.

Nianzie upasuaji upi?

Anzia jipu, na usilidharau. Usaha uliojifungia hauna damu inayopita ndani yake, kwa hiyo antibiotiki haziufikii vya kutosha. Tiba yake ni kisu: mkato wa kutosha pale palipolainika zaidi, kidole au koleo ndani kuvunja kuta zilizogawa usaha vyumba vyumba, kuosha vizuri, kisha kidonda kiachwe wazi kipone kutoka chini kwenda juu. Mkato mdogo mno, unaojifunga juu wakati chini bado kuna shimo, huleta mgonjwa yuleyule baada ya wiki mbili akiwa na jipu lilelile.

Mahali pa hatari ni chini ya jipu. Kwenye kinena, shingo, kwapa na nyuma ya goti, weka vidole kwanza uhisi kama uvimbe unadunda na kutanuka. Ateri iliyovimba inaweza kuwa nyekundu, yenye joto na maumivu, ikafanana kabisa na jipu. Ukiwa na shaka, piga ultrasaundi kabla ya kukata. Jipu la pembeni mwa njia ya haja kubwa nalo linataka heshima yake: toa usaha, basi. Usitafute fistula, yaani njia isiyo ya kawaida kati ya utumbo na ngozi, kwa nguvu siku hiyo, maana kifaa kinachosukumwa kwenye tishu zilizovimba hutengeneza njia ambayo haikuwepo.

Kwa nini ganzi haishiki kwenye jipu?

Tishu zenye uambukizo zina asidi nyingi, nayo asidi huifanya lidokeini ibaki katika umbo lisilopenya utando wa neva. Choma ganzi kuzunguka jipu kwenye tishu nzima, au mwombe mtu wa usingizi amlaze mgonjwa. Kumwambia mgonjwa avumilie si mbinu ya ganzi.

Lidokeini kiasi gani ni nyingi mno?

Kipimo kinachofundishwa kwingi ni miligramu 3 kwa kila kilo ya uzito bila adrenalini, na miligramu 7 ikiwa na adrenalini. Dawa ya asilimia 1 ina miligramu 10 katika kila mililita. Ya asilimia 2 ina 20. Mtu wa kilo 60 basi anaruhusiwa miligramu 180 bila adrenalini, yaani mililita 18 za asilimia 1, au mililita 9 tu za asilimia 2. Mtoto wa kilo 10 anaishia mililita 3 za asilimia 1. Piga hesabu hiyo kabla ya kuvuta dawa kwenye sindano, si baada ya mtoto kuanza degedege.

Dalili za mwanzo ni ganzi ya midomo, masikio kuvuma na ladha ya chuma mdomoni. Kisha degedege, na mwisho moyo. Vuta bomba la sindano kidogo kila kabla ya kusukuma dawa, uone kama damu inarudi. Jua pia chupa ya mafuta ya mshipani ya asilimia 20 inakaa kabati gani, kwa kuwa ndiyo dawa ya sumu hii, ikianza kwa mililita 1.5 kwa kilo.

Kwenye tohara usitumie adrenalini chini ya uume. Mkondo wa umeme wa kuchoma mishipa wenye ncha moja nao usiukaribishe hapo, hasa kama kuna kibanio cha chuma: umeme wote hupita kwenye shina jembamba na unaweza kuua uume mzima. Madhara hayo hayarekebishiki.

Kwa nini maumivu ya kidole tumbo huanza kitovuni na kuhamia kulia?

Hili ni swali zuri kuliko linavyoonekana, kwa sababu anayelielewa ameuelewa ugonjwa wenyewe. Ugonjwa huanza mara nyingi tundu la kidole tumbo likiziba, kwa kinyesi kilichokauka au kwa uvimbe wa tezi za kinga zilizomo ukutani. Ute unaendelea kutoka, shinikizo linapanda, vena zinabanwa, ukuta unakosa damu, unakufa na kutoboka. Mwanzoni neva zinazopeleka maumivu ni za utumbo wenyewe, nazo huingia uti wa mgongo usawa wa kifua namba 10, sehemu ileile inayopokea hisia za ngozi ya kitovu. Ndiyo maana mgonjwa hushika kitovu. Uvimbe ukifika kwenye utando unaofunika ukuta wa tumbo, maumivu hupata anwani kamili: chini, upande wa kulia. Historia hiyo ya kuhama, ikisimuliwa na mgonjwa bila kuchokozwa, ina uzito mkubwa kuliko kipimo kimoja cha chembe nyeupe za damu.

Alama ya McBurney, mpasuaji wa Marekani aliyeieleza mwaka 1889, iko theluthi moja ya njia kutoka ncha ya mbele ya mfupa wa nyonga kwenda kitovuni. Alama hiyo inaonyesha shina la kidole tumbo. Ncha yake hutangatanga: huenda nyuma ya sekamu (mwanzo wa utumbo mpana), huenda ndani ya nyonga. Kikiwa nyuma, tumbo la mbele linaweza kuwa laini na ukadanganyika. Kikiwa nyongani, mgonjwa analalamikia kuharisha na mkojo.

Nimefungua na sikioni kidole tumbo. Nifanye nini?

Shika sekamu, tafuta moja ya mikanda mitatu ya msuli inayopita juu ya utumbo mpana, uifuate kuelekea chini. Mikanda yote mitatu inakutana kwenye shina la kidole tumbo, kila mara. Ukiona huwezi kuivuta sekamu, ongeza mkato. Aibu ya mkato mrefu hupona ndani ya wiki moja.

Ateri yake, tawi la ile ya sekamu na mwisho wa utumbo mwembamba, hupita kwenye utando wake. Ifunge vizuri, kwa maana ikiteleza hurudi nyuma na kuvuja damu usiyoiona. Kosa jingine ni kuacha kisiki kirefu: kisiki hicho kinaweza kuugua upya miaka mingi baadaye kwa mtu mwenye kovu, na kila daktari atasema "huyu kilishatolewa."

Na kama kidole tumbo ni kizima? Usifunge tumbo kwanza. Angalia mwisho wa utumbo mwembamba, rudi nyuma kama sentimita 60 kutafuta kifuko cha Meckel, kile kijifuko ambacho baadhi ya watu huzaliwa nacho kwenye utumbo mwembamba, angalia ovari na mirija ya uzazi. Kipimo cha mimba kwa kila mwanamke aliye katika umri wa kuzaa kilipaswa kuwa mkononi kabla hajalala mezani.

Upasuaji huu ulianza lini?

Wa kwanza ulioandikwa ni wa Claudius Amyand, London, mwaka 1735. Mvulana wa miaka 11 alikuwa na ngiri. Ndani ya kifuko chake Amyand alikuta kidole tumbo kilichotobolewa na pini. Ugonjwa wenyewe haukueleweka hadi mwaka 1886, Reginald Fitz wa Boston alipoonyesha kwamba usaha mwingi wa upande wa kulia wa tumbo hutokana na kidole tumbo, na kushauri kiondolewe mapema. Mwaka 1980 Kurt Semm, daktari wa magonjwa ya wanawake huko Kiel, alikitoa kwa matundu madogo, akapingwa vikali na wapasuaji wenzake.

Je, antibiotiki peke yake zinaweza kutosha?

Kwa baadhi ya watu wazima ambao kidole tumbo hakijatoboka, ndiyo. Katika jaribio la Finland lililochapishwa mwaka 2015, zaidi ya robo ya waliopewa dawa walihitaji upasuaji ndani ya mwaka mmoja, na ufuatiliaji wa miaka 5 ulionyesha takribani 4 kati ya 10 walikuwa wamerudiwa na ugonjwa. Kinyesi kilichokauka kikionekana kwenye CT skani, uwezekano wa dawa kushindwa ni mkubwa zaidi. Mwambie mgonjwa hivyo hivyo, kwa namba, achague.

Ngiri ya kinena: nitatofautishaje aina zake?

Tafuta kinundu cha mfupa wa kinena kwa kidole. Ngiri inayotokea juu yake na upande wa ndani ni ya kinena. Inayotokea chini yake na upande wa nje ni ya paja. Tofauti hii ni ya maana kubwa, kwa sababu tundu la ngiri ya paja ni dogo na gumu, na utumbo hunyongwa haraka. Kwa mwanamke mzee anayetapika, tumbo limejaa gesi, funua kinena uangalie kwa macho. Kivimbe kidogo kama tunda la zabibu hapo ndicho chanzo cha yote.

Ukishafungua, mishipa ya epigastriki ya chini, ile ya damu inayopanda ukuta wa mbele wa tumbo, ndiyo mpaka: ngiri iliyotoka nje ya mishipa hiyo imepita njia ya kamba ya korodani, iliyotoka ndani yake imesukuma ukuta uliodhoofika.

Kwa nini tunaweka wavu?

Edoardo Bassini, kule Padua miaka ya 1880, ndiye aliyefundisha dunia kujenga upya ukuta wa nyuma wa mfereji wa kinena. Ilikuwa hatua kubwa, ila tishu zilishonwa zikiwa zimevutwa, na kinachovutwa hatimaye hukatwa na nyuzi. Irving Lichtenstein wa Los Angeles, miaka ya 1980, akaweka wavu wa polipropilini juu ya udhaifu bila kuvuta chochote. Mwili huota tishu ndani ya matundu ya wavu, na ukuta mpya unapatikana. Hakikisha wavu unapita kinundu cha mfupa kwa sentimita 2 hivi kuelekea katikati. Ngiri nyingi zinazorudi hupenya kwenye kona hiyo iliyoachwa wazi.

Mtoto hawekewi wavu. Ukuta wake ni mzima. Kilichobaki ni njia ambayo ilipaswa kujifunga kabla hajazaliwa. Funga kifuko shingoni mwake, inatosha.

Sehemu za hatari ni neva tatu, mrija wa mbegu, mishipa ya korodani, na vena ya paja iliyo chini kabisa ya mahali unaposhona kano ya kinena. Zitambue neva kwa macho. Neva iliyobanwa ndani ya mshono humpa mgonjwa maumivu ya miaka, naye alikuja na uvimbe usiouma.

Kwa nini kila mtu anaogopa mfuko wa nyongo, wakati unaonekana upasuaji rahisi?

Kwa sababu unapokuwa rahisi ni rahisi kweli, na unapokuwa mgumu hautangazi. Carl Langenbuch aliutoa mfuko wa nyongo kwa mara ya kwanza Berlin mwaka 1882. Hoja yake bado ndiyo yetu: mfuko unatolewa kwa kuwa ndio unaotengeneza mawe. Erich Mühe, naye Mjerumani, aliutoa kwa matundu madogo mwaka 1985, na Philippe Mouret wa Lyon akafuata mwaka 1987. Ndani ya miaka michache mbinu hiyo ikaenea duniani, na majeraha ya mrija mkuu wa nyongo yakaongezeka.

Sababu ya jeraha ni macho. Ukiuvuta mfuko kwa nguvu kwenda juu, mrija mdogo wa mfuko na mrija mkuu hulala mstari mmoja. Mpasuaji anaona mrija mmoja ulionyooka, anaamini ni ule mdogo, anaubana na kuukata. Ujuzi wa mkono haukumsaidia, kwa kuwa mkono ulifanya kwa ustadi kile ambacho macho yaliuambia.

Mwaka 1995 Steven Strasberg na wenzake walieleza kanuni ambayo kila mwanafunzi aijue usingizini. Usikate kitu mpaka masharti matatu yatimie. Pembetatu iliyo kati ya mfuko, ini na mrija wa ini iwe imesafishwa mafuta na nyuzinyuzi zote. Theluthi ya chini ya mfuko iwe imetenganishwa na kitanda chake kwenye ini, ini lionekane nyuma. Na vitu viwili tu, viwili basi, viwe vinaingia kwenye mfuko. Simamisha upasuaji, onyesha kamera mbele na nyuma, mwulize msaidizi anaona nini. Kama yeye haoni viwili, havipo viwili.

Na kama uvimbe haukuruhusu ufikie hapo? Unaweza kuita mwenzako mwenye uzoefu zaidi, unaweza kutoa sehemu ya mfuko tu na kuacha shingo yake, unaweza kuweka mrija wa kutolea nyongo na kurudi siku nyingine, unaweza kufungua tumbo. Kufungua tumbo hakufichui mrija kwa miujiza. Kunakusaidia tu kama umewahi kufunzwa kuona kwa njia hiyo.

Upasuaji wa kujifungua: hatari iko wapi?

Pembeni na mbele. Mbele kuna kibofu cha mkojo, ambacho kwa mama aliyewahi kupasuliwa kinaweza kuwa kimegandamana juu kabisa ya kizazi. Pembeni kuna mishipa mikubwa ya kizazi, na karibu yake mirija inayotoka kwenye figo. Mkato ukichanika kwenda pembeni wakati wa kutoa kichwa kilichokwama nyongani, damu hutoka nyingi, nawe utataka kushona kwa pupa. Toa kizazi nje ya tumbo, banisha kingo, uone kwanza. Uzi unaopita gizani pembeni hapo ndio unaofunga mrija wa figo.

Mkato wa sehemu ya chini ya kizazi ulienezwa na Munro Kerr wa Glasgow mwanzoni mwa karne ya 20. Misuli hapo ni myembamba, damu hutoka kidogo, na kovu halipasuki kirahisi katika mimba ijayo kama lile la sehemu ya juu. Kabla ya Max Sänger kusisitiza mwaka 1882 kwamba kizazi chenyewe kishonwe, wengi walikiacha bila kushona, na akina mama wengi walikufa kwa damu na uambukizo.

Mama akivuja damu baada ya kujifungua, asidi ya traneksamiki, dawa inayozuia damu iliyoganda isiyeyuke, gramu 1 mshipani itolewe ndani ya saa 3, pamoja na dawa za kukaza kizazi. Jaribio kubwa la kimataifa la mwaka 2017 lilionyesha kwamba hupunguza vifo vitokanavyo na damu hiyo, na kadiri inavyotolewa mapema ndivyo inavyosaidia.

Nishone tumbo vipi lisifumuke?

Shona tabaka gumu la kano peke yake, bila mafuta wala misuli, kwa uzi mmoja unaoyeyuka taratibu kama polidioksanoni. Pita milimita 5 kutoka ukingoni na milimita 5 kati ya mshono na mshono. Mpasuaji Jenkins alionyesha mwaka 1976 kwamba urefu wa uzi unapaswa kuwa angalau mara 4 ya urefu wa kidonda: kidonda cha sentimita 20 kitumie sentimita 80 au zaidi. Tumbo hutanuka baada ya upasuaji, na uzi mfupi hauna pa kutanukia ila kukata nyama. Pima uzi uliobaki, utoe kwenye ule ulioanza nao. Ni wachache wanaofanya hivyo, na ingefaa iwe desturi.

Usikaze sana. Mshono ni wa kukutanisha; ukinyonga, unaua.

Nyuzi za ngozi zitolewe lini?

Usoni siku 3 hadi 5, kichwani 7 hadi 10, mikononi na miguuni 10 hadi 14, juu ya kiungo kinachokunjwa hata zaidi. Kumbuka kovu la wiki 3 lina nguvu ndogo sana bado, na halifikii kamwe nguvu kamili ya ngozi ya awali.

Orodha ya ukaguzi ina maana gani kama sote tunamjua mgonjwa?

Shirika la Afya Duniani lilitoa orodha hiyo mwaka 2008, yenye vituo vitatu: kabla ya usingizi, kabla ya mkato, na kabla mgonjwa hajatoka chumbani. Ilipojaribiwa katika hospitali 8 za miji 8, matokeo yaliyochapishwa mwaka 2009 yalionyesha vifo vilishuka kutoka asilimia 1.5 hadi 0.8, na madhara makubwa kutoka asilimia 11 hadi 7. Hakuna kisu kipya kilicholeta tofauti ya namna hiyo. Hata kule kutajana majina kuna kazi yake: muuguzi aliyekwisha kutamka jina lake chumbani ni rahisi kwake kusema baadaye, "Daktari, gozi moja haijaonekana."

Glovu nazo hazikuanzia kwenye kumlinda mgonjwa. William Halsted, mpasuaji wa hospitali ya Johns Hopkins ya Marekani, aliagiza za mpira mwishoni mwa miaka ya 1880 kwa ajili ya muuguzi Caroline Hampton, ambaye ngozi ya mikono iliharibiwa na dawa ya kuulia vijidudu. Walioana mwaka 1890.

Mgonjwa ana homa baada ya upasuaji. Nianzie wapi?

Hesabu siku. Siku mbili za mwanzo homa ndogo mara nyingi ni mwili ukiitikia jeraha lenyewe. Siku ya 3 hadi ya 5 fikiria mkojo, hasa kama ana mpira wa kutolea mkojo, na mapafu. Kuanzia ya 5 fikiria kidonda, na kama utumbo uliunganishwa, fikiria kwamba mahali palipounganishwa panavuja. Damu kuganda miguuni kunaweza kujitokeza wakati wowote.

Kuna jambo moja linalovunja mpangilio huo: homa kali ndani ya saa 24 pamoja na kidonda kinachouma kupita kiasi kinavyoonekana. Fungua bandeji sasa hivi. Uambukizo unaokula nyama hausubiri siku ya 5. Na mapigo ya moyo yaliyo juu bila sababu kwa mgonjwa aliyeunganishwa utumbo yahesabiwe kuwa dalili ya kuvuja hadi ithibitike vingine, hata kama hana homa.

Ni kipi hakisubiri asubuhi?

Korodani iliyojisokota: uwezekano wa kuiokoa ni mkubwa ndani ya saa 6 za kwanza, kisha hushuka haraka. Ya pili nayo ifungwe mahali pake. Ngiri iliyonyongwa. Mguu uliovunjika wenye maumivu yasiyotulizwa na dawa, yanayozidi ukivuta vidole. Na shingo inayovimba baada ya kutolewa tezi: damu iliyokusanyika inaziba njia ya hewa kwa dakika chache. Kata nyuzi hapo hapo kitandani, ngozi na tabaka la chini, toa damu, ndipo mkimbie chumba cha upasuaji. Mkasi au kitoa pini kiwe kando ya kitanda chake tangu anarudi wodini.

Maelezo ya upasuaji niandike nini zaidi ya jina lake?

Andika ulichokikuta na kwa nini uliamua ulivyoamua. "Mfuko wa nyongo umetolewa" hakumsaidii atakayempokea mgonjwa saa nane usiku. "Vitu viwili vilionekana pande zote mbili, ateri ilipita mbele ya mrija, nyongo kidogo ilimwagika na kuoshwa, hakuna mrija uliowekwa" kunamsaidia. Taja damu iliyopotea, hesabu ya gozi, aina ya uzi, wakati antibiotiki ilipotolewa, na maagizo: ale lini, mrija utolewe lini, aitwe nani na kwa dalili zipi. Andika kabla hujavua gauni la pili la siku hiyo.